Visiki vya Mstari wa Tisa

Kwa miaka kumi na saba ya upelelezi Inspekta Zinovia Rusnac alikuwa ameona maiti wa kila namna, lakini alikuwa hajawahi kuona maiti aliyefukiwa kwa uangalifu namna ile.

Jana asubuhi kibarua Sava Buzila alikuwa akiondoa udongo kwenye mstari wa tisa, ili mizabibu ipate hewa baada ya miezi minne ya kufukiwa isiuawe na baridi, beleshi lake likagonga buti la mpira. Ndani ya buti mlikuwa na mguu. Mguu ulikuwa wa Tudose Morari, mwenye shamba, mtu ambaye kijiji kizima cha Valea Corbului kilijua yuko Italia tangu Novemba, akipaka rangi nyumba za watu. Alikuwa amelazwa chali, mikono kifuani, kisogo kimepasuka. Juu yake matawi ya mzabibu mmoja mzee yalikuwa yameinamishwa taratibu, yamefungwa fungu moja, yakafunikwa kwa mabua ya mahindi, ndipo udongo ukafuata. Waliokuja kutazama walishika midomo. Hata Sajini Haralambie, aliyebakiza miezi minne astaafu na aliyependa kujisifu kwamba hana tena cha kumshtua duniani, alivua kofia akasahau kuivaa.

Leo saa nne asubuhi wawili hao walikuwa wakipanda tena kile kilima, buti zao zimebeba tope la theluji iliyoyeyuka. Saa tisa alasiri gari la mahabusu lingemchukua Sava kumpeleka mji mkuu kujibu shitaka la mauaji.

"Mimi naona hoja ya mwendesha mashtaka inaingia akilini, afande," alisema Haralambie, akihema. "Mume yuko ughaibuni. Mke anaajiri kibarua. Kibarua anaanza kulala zizini, baadaye jikoni, baada ya hapo tusimalizie. Mume anarudi kwa sikukuu ya Mtakatifu Trifon, mwezi wa pili, anakuta mtu amevaa ndara zake. Panapofuka moshi pana moto."

"Nani alimwona Tudose mwezi wa pili?"

"Hakuna. Lakini mkewe alituambia jana kwamba alikuwa anapiga simu kila Jumapili, na mara ya mwisho, Januari, alisema anarudi kwa Trifon."

"Daktari je?"

"Daktari anasema udongo uliganda ukawa jokofu. Huenda mtu huyu alikufa Novemba, huenda Februari. Hawezi kula kiapo kwa lolote."

Taarifa za mpakani na za kampuni ya simu zingechukua wiki. Zinovia alijua wiki moja ni kitu gani kwa mtu aliyeshitakiwa. Faili likishafika mji mkuu na kupigwa muhuri, kulifungua ni kazi kuliko kufukua kaburi. Na mfukoni mwake alikuwa na nakala ya pasipoti ya Sava: aliingia nchini Desemba kumi na nane, akitoka kwenye ujenzi huko Moscow, na kesho yake, siku ya Mtakatifu Nikolai kwa kalenda ya Kiorthodoksi, akafika kijijini kutafuta kibarua. Kabla ya hapo hakumjua mtu hata mmoja hapa. Kama Tudose alikufa Novemba, Sava hana hatia. Kama alikufa Februari, Sava amekwisha. Kesi nzima ilikuwa swali moja tu: lini?

Mtu wa kwanza waliyemkuta alikuwa Ghenadie, kaka mkubwa wa marehemu, amekaa juu ya trekta lake penye lango la shamba. Macho yalikuwa mekundu na hakuwa amenyoa.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema kabla hajaulizwa. "Alimfukia mdogo wangu, Mungu akamlazimisha amfukue kwa mkono wake. Mnangoja nini kumpeleka?"

"Nangoja saa tisa," Zinovia alimjibu. "Shuka, bwana Ghenadie. Siongei na mtu aliye juu yangu."

Alishuka, bila haraka.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyemkataza Sava kugusa mstari wa tisa."

"Nilimwambia asubiri mpaka ipite sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, mwezi wa nne. Ndiyo."

"Mistari minane ilifunguliwa wiki iliyopita. Kwa nini wa tisa usubiri?"

"Unaniuliza kana kwamba mimi ndiye..." Aliishia hapo, akapangusa pua kwa kiganja. "Afande, yule ni mdogo wangu. Tulilala kitanda kimoja mpaka nikawa na miaka kumi na minne."

"Najua. Jibu."

"Nani aliyefukia minane ile Novemba? Mimi, kwa plau, siku moja na nusu. Wa tisa uko kando ya ukuta wa mawe, trekta haligeuki. Huo hufukiwa kwa mkono. Niliwaachia wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Tudose na shemeji. Mwanamume anapogoa, mwanamke anafunga matawi, wote wawili wanafukia. Kwani kwenu mnafanyaje?"

"Kwetu tuna miti ya plamu. Hiyo haifukiwi." Zinovia hakutabasamu. "Oktoba uligombana na Tudose mbele ya watu, kwenye harusi."

"Tuligombana. Alitaka kung'oa shamba lote apande miti ya jozi. Anasema jozi haiombi kufukiwa, wala haiombi kufukuliwa, na yeye mgongo umemchoka. Nikamwambia, wewe, mizabibu ile aliipanda mkweo. Mtu akinywa divai ya mkwe miaka ishirini haamki siku moja akashika shoka."

"Akasemaje?"

"Akanimwagia ile divai."

"Ukafanyaje?"

"Nikapangusa uso nikaenda kucheza. Ilikuwa harusi." Ghenadie alimtazama moja kwa moja. "Ukitaka kunifunga kwa hilo, nifunge. Lakini mstari wa tisa sikuuzuia mimi kwa akili yangu. Shemeji ndiye aliyenituma. Alisema baridi haijaisha, mizabibu ile ni mizee, ataifukua mwenyewe, polepole."

Zinovia aliandika jibu hilo kwenye daftari, akalipigia mstari. Haralambie alichungulia juu ya bega lake, akakunja uso.

"Na Sava alikwenda kuufukua kwa nini, kama alikatazwa?" Zinovia aliuliza.

"Eti alitaka kumfurahisha shemeji. Kumpunguzia kazi." Ghenadie alitema mate kando. "Ndivyo alivyowaambia nyinyi, sivyo?"

Ndivyo alivyowaambia. Jana Sava alisema maneno hayohayo mara tatu: jua limeanza kuwa kali, macho ya mzabibu, yale yanayotoa machipukizi, yakikaa chini ya udongo wenye joto huoza, nilitaka aje akute kazi imekwisha.

Mstari wa tisa ulikuwa umefunguliwa nusu, ukuta wa mawe upande mmoja, mteremko upande wa pili. Zinovia aliingia mtaroni, pale udongo ulipoondolewa, na futi ya kupimia. Kutoka mwanzo wa mstari hadi pale alipokuwa amelala Tudose palikuwa na mizabibu kumi na miwili mizima, halafu visiki vitatu, halafu mzabibu ule mzee uliomfunika. Jana, katika mshangao wa kumtoa mtu ardhini, hakuna aliyevitazama visiki. Yeye mwenyewe alidhani ni ugonjwa. Sasa alichuchumaa. Vilikuwa vimekatwa kwa shoka, mapigo manne au matano kila kimoja, urefu wa shibiri kutoka chini. Katikati ya vile visiki, mabua ya mahindi yalikuwa bado yamelala, yamelowa.

"Salamu, afande."

Parascovia, mjane, alikuwa amesimama juu ya tuta, kitambaa cheusi kichwani, sufuria mikononi iliyofungwa kwa taulo. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, viganja vipana kuliko vya Haralambie.

"Pole tena, mama," alisema sajini.

"Nimepika ugali na jibini. Nilitaka mumpelekee Sava. Jana hakula." Aliangalia ule mtaro mara moja tu, akaondoa macho. "Anaondoka lini?"

"Saa tisa," alisema Zinovia.

"Anarudi lini?"

"Akipatikana na hatia, miaka ishirini."

Parascovia alishusha sufuria chini. Aliishusha vibaya, ikaegemea ubavu, mchuzi wa jibini ukaanza kumwagika kwenye tope, na hakuiinua.

"Ishirini," alisema. "Kwa kufukua?"

"Kwa kuua. Wanasema mumeo alirudi mwezi wa pili. Wewe ndiye uliyesema alipiga simu Januari."

"Nilisema." Sauti ilikuwa imemkauka. "Na kitu gani kinaweza kumtoa?"

"Kimoja tu. Nikiweza kuonyesha kwamba Tudose alikuwa ardhini kabla Sava hajakanyaga nchi hii. Kabla ya baridi kuu. Daktari hawezi. Mimi siwezi. Ardhi haina tarehe."

Chini kwenye lango trekta la Ghenadie liliwaka, likazimika, likawaka tena.

"Inayo," alisema Parascovia. "Njoo."

Hakuwapeleka mtaroni kwanza. Aliwarudisha mpaka kwenye lango, ambapo mzabibu mmoja ulipanda juu ya upinde wa chuma kwa ajili ya kivuli. Akatoa wembe mfukoni mwa aproni, ule wembe ambao kila mwanamke wa kilima kile huwa nao wakati wa kupogoa. Akashika tawi, akachagua jicho moja lililovimba kama punje ya mahindi, akalipasua katikati kwa mkato mmoja. Ndani lilikuwa la kahawia, kama tumbaku.

"Huu haufukiwi, hauinamiki. Januari ilishuka digrii ishirini na saba chini ya sifuri, siku tatu mfululizo. Tazama." Akapasua la pili, la tatu. Kahawia. "Yote yamekufa. Mzabibu uliolala nje siku zile hauna jicho hata moja. Hilo muulize mtu yeyote hapa, hata mtoto."

Ndipo akawaongoza mpaka mstari wa tisa. Akapiga magoti kando ya mzabibu mzee, akainua lile fungu la matawi ambalo jana lilikuwa juu ya kifua cha mumewe. Akapasua jicho.

Lilikuwa kijani kibichi.

Akapasua jingine, na jingine. Kijani. Zinovia aliinama hadi pua ikakaribia kugusa tawi. Tangu jana alikuwa akitafuta shahidi, kumbe shahidi amelala juu ya maiti muda wote.

"Ngoja," alisema. "Kazi yangu ni kubisha. Labda Sava aliufungua Februari, akamweka mtu, akafukia tena."

"Kwa mkono gani? Februari udongo huu uliganda mpaka kiwikoni. Ungeona alama za mtaimbo kila mahali. Halafu matawi." Alichukua moja, akalikunja mpaka ncha zikagusana. "Sasa yanakunjika. Kwenye baridi ile ukiligusa linakatika kama tambi kavu. Haya yalikuwa yamemzunguka. Umeona lililovunjika?"

Zinovia aliyakagua moja moja, toka shinani mpaka nchani. Matawi saba. Hakuna hata moja lililovunjika.

"Kwa hiyo yalilazwa juu yake yakiwa bado laini," alisema polepole. "Novemba. Siku ya kufukia. Na baada ya hapo hakuna aliyeligusa tuta hili mpaka jana."

"Hakuna."

Haralambie alipiga paja lake. "Mama, umemwokoa mtu. Afande, nipe tawi hilo nikamwonyeshe mwendesha mashtaka kabla hajala chakula cha mchana."

"Chukua mawili ya hapa, mawili ya langoni, mawili ya mstari wa nane. Bahasha tatu, andika kila moja, saini wewe nami." Zinovia hakuwa ameondoa macho chini. "Halafu usiondoke."

Sajini alitii. Parascovia alibaki amepiga magoti, akisafisha wembe kwa pindo la aproni ingawa haukuwa na uchafu. Zinovia alikwenda kusimama penye visiki vitatu.

"Mama Parascovia, nani alikata hivi?"

"Tudose."

"Siku gani?"

"Siku ya kufukia."

"Sava hakuwapo. Ghenadie alikuwa amemaliza mistari yake, ameondoka. Tudose alianza kukata mizabibu ya baba yako kwa shoka, mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne hakuufikia." Zinovia alivuta pumzi. "Nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja tangu nishuke mtaroni. Mtu akitaka kung'oa shamba, haweki mabua juu ya kisiki. Aliyekata asingefukia, na aliyefukia siye aliyekata. Siku ile mlikuwa wawili hapa. Nani alifukia visiki?"

Haralambie aliacha kuandika. Kalamu ilibaki juu ya bahasha.

"Kisiki chenye mzizi hakijafa," alisema Parascovia. "Ukikifunika kinaweza kuchipua."

"Nimeuliza nani."

"Mimi, dada. Nani mwingine angefanya hivyo?"

Sajini alitamka jina la Mungu, kimyakimya, akaketi juu ya ukuta. Alikuwa amekula mezani kwa mwanamke huyu jana jioni. Zinovia alikuwa ameliona jibu likija, hatua kwa hatua, na bado lilimpiga kifuani kama mlango uliofunguliwa ghafla.

"Simu za Jumapili?"

"Hazikuwapo. Niliwaambia watu ameondoka alfajiri. Wakauliza hapigi simu? Nikasema anapiga. Halafu nikaona wamezoea, nikaendelea. Jana mliponiuliza, ulimi ukasema ulichozoea." Kwa mara ya kwanza midomo yake ilicheza. "Sikujua kwamba naandika hukumu ya Sava. Nilidhani nasema uongo wangu uleule."

"Ulimpiga kwa nini hasa?"

"Nilikuwa nafunga matawi huku nyuma. Nikasikia shoka. Nikamwambia acha. Akacheka, akasema mwakani hutakuwa na cha kufunga, utapumzika. Nikamwambia tena acha. Alipoinua shoka kwa huu wa nne, huu baba aliupanda siku niliyozaliwa, nilikuwa na beleshi." Aliushika ule mzabibu shinani. "Mara moja tu. Nilitaka kuzuia mkono. Yeye aligeuka."

Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mtu aliyegeuka kumkabili hapigwi kisogoni. Zinovia aliliona pengo hilo la sentimita chache kati ya maneno na mfupa, akaliandika. Hilo lilikuwa la hakimu.

"Wanaweza kusema unajitoa mhanga kwa ajili ya Sava," alisema. "Nipe kitu ambacho hakuna mwingine anakijua."

"Shoka mmelipata?"

Zinovia na Haralambie walitazamana. Jana hawakuwa wakitafuta shoka.

"Liko chini yake. Kiganja kimoja tu kwenda chini. Mpini una kitambaa cha bluu, nilikifunga mimi, ulikuwa unamchubua."

Sajini alichukua beleshi. Alichimba taratibu pale mahali palipobaki na umbo la mtu. Pigo la nne likatoa sauti ya chuma. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akainua shoka lenye kutu mpya, mpini umezungushiwa kitambaa cha bluu kilichofungwa fundo dogo, safi. Alilishika mikononi kwa muda bila kujua aliweke wapi.

"Ulijua wembe ule utakufikisha wapi?" Zinovia alimuuliza mwanamke.

"Nimepogoa miaka thelathini. Ukikata moja unajua linalobaki ni lipi."

Mwendesha mashtaka alipiga kelele kwenye simu, akaomba arudiwe maelezo, kisha akaomba tena. Saa nane na nusu amri ya kumwachilia Sava ilikuwa imefika kituoni.

Zinovia na sajini walimfikisha Parascovia kituoni wakati uleule Sava anatoka mlangoni. Mtu mrefu, mabega yameinama, kamba za viatu mkononi kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza amerudishiwa, hajapata muda wa kuzifunga. Alipomwona alisimama, na uso wote ukafunguka.

"Umekuja kunichukua," alisema. "Nilijua utakuja. Wanasema umenitetea kwa mizabibu. Kweli?"

Parascovia alikuwa amejitanda shali, mikono imefichika ndani yake. Alimwangalia kichwa hadi miguu, kama mtu anayekagua kazi iliyobaki.

"Hujavaa soksi," alisema.

"Nisamehe kwa ule mstari. Nilitaka ukute umekwisha."

"Ulikuwa umekwisha, Sava."

"Twende nyumbani."

"Nenda wewe. Redio inasema leo usiku itashuka digrii nane chini ya sifuri. Mstari wa tisa uko wazi, macho yamevimba, yatakufa yote. Yafukie kabla jua halijazama. Anza na ule mzee. Na vile visiki."

"Visiki?" Sava alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. "Visiki vifukiwe kwa nini? Utanionyesha mwenyewe."

Akanyoosha mkono amshike wake, amvute waende. Shali ikateleza. Zinovia angeweza kuizuia, hakuwahi. Sava alibaki amezitazama pingu zilizomfunga Parascovia, kamba za viatu zikiwa bado kwenye ngumi yake.